Afande wa Kompyuta

Afande alibisha hodi kwa kiganja kilichokunjuliwa, hakugonga kwa ngumi. Alisema ngumi ni ya msako, na mtu aliyewahi kugongewa kwa ngumi alfajiri huwa hasikii tena maneno yanayofuata. Kwa hiyo siku ya kwanza alipiga mlango wetu wa bati pa, pa, pa, kama anayemcheulisha mtoto mgongoni, kisha akarudi nyuma kidogo ili atakayefungua amwone mzima: viatu, sare ya khaki, mkanda, kofia. Mama alifungua, akamwona mzima, akafunga.

Tulikuwa tukikaa Kamwokya, chini kabisa karibu na mfereji, kwenye chumba kimoja cha kupanga ambacho Kampala wanakiita muzigo. Tulitoka Bukavu mama, mimi na wadogo zangu wawili. Baba hakutoka. Habari hiyo sitaisimulia hapa, kwa sababu mama mwenyewe hakuwahi kuisimulia yote. Inatosha kusema kwamba waliokuja nyumbani kwetu kule walivaa sare, na tangu hapo mama hakujali sare ilikuwa ya nchi gani wala ya kazi gani.

"Sitaki musoda mu nyumba yangu," aliniambia, kwa sauti iliyokusudiwa kupenya bati. Musoda, kwa Kiswahili cha kwetu, ni askari wa vita.

"Mimi si musoda, nyabo," sauti ikajibu kutoka nje, ikimwita mama kwa heshima ya Kiganda. "Mimi polisi."

"Ni bale bale."

Kisha tukasikia kitu kikiburutwa kwenye saruji. Nilichungulia kwenye tundu la mlango. Afande, mwanamke mnene, alikuwa ameazima kibao kwa jirani yetu muuza mandazi, ameketi mbele ya mlango wetu, amenyoosha miguu, anajipepea kwa kofia yake.

"Basi nitangoja hapa," alisema. "Kungoja iko kazi yangu."

Alikuwa ametumwa kwetu na mwalimu wangu mkuu. Nilikuwa hodari wa hesabu, lakini masomo yangu ya Bukavu yalikuwa kwa Kifaransa na ya Kampala yalikuwa kwa Kiingereza, hivyo kila mtihani ulinikuta nikiwa bado natafsiri swali. Afande alikuwa na mpango wake. Alichukua kompyuta zilizochoka maofisini, akazipeleka kwenye nyumba za wanafunzi wasio na kitu, na kila Jumanne alipita mwenyewe kuwafundisha na kuwauliza maendeleo yao. Polisi mwenzake mmoja au wawili walimsaidia walipopata nafasi. Wengine walimcheka.

Kompyuta yenyewe mama hakuikataa. Haikuwa na buti. Mpagazi wa sokoni aliiingiza ndani na kuiweka juu ya meza tuliyolia chakula, ikajaa meza yote, na tangu siku hiyo tukawa tunakula chini. Mashine ikawa ndani, mwalimu wake nje. Jumanne baada ya Jumanne nilifundishwa kupitia mlango uliofungwa.

"Umebonyeza?"

"Nimebonyeza!"

"Mashine nasema nini?"

"Inanguruma!"

"Acha ingurume. Iko amka. Hata wewe ukiamka unanguruma, sivyo?"

Majirani walizoea kusogeza ndoo zao za kufulia karibu wakati huo ili wasikilize. Muuza mandazi alijua jinsi ya kufungua faili, kuandika barua na kuihifadhi kabla hajawahi kuiona kompyuta kwa macho yake. Nilipokosea, alikuwa wa kwanza kunisahihisha kutoka jikoni kwake.

Siku moja nilimuuliza Afande, kupitia lile tundu, kwa nini asije na gauni la kawaida. Mama angemfungulia mara moja.

"Najua," alisema. "Halafu siku moja atanikuta pale kituoni na hii nguo, atasema nilimdanganya. Bora anikatae vile niko."

Mama alisikia. Alikuwa anachambua maharage, na niliona mikono yake ikisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Ilikuja Jumanne moja ya mvua. Mvua ya Kampala haina manyunyu ya kukuandaa, inamwagwa yote kwa pamoja, na mfereji wetu ukaanza kupanda. Nilidhani Afande atakimbilia kwa jirani. Nilipochungulia, alikuwa pale pale kwenye kibao, amejifunika beseni la plastiki kichwani, anapaza sauti juu ya kishindo cha mabati: "Sasa andika jina lako na herufi kubwa!" Mama alitazama mlango. Akanitazama mimi. Akainuka, akavuta komeo.

"Ingiya," alisema. "Lakini ile kofia ibakiye inje."

Afande hakubisha wala hakutabasamu. Alitundika kofia kwenye msumari wa kamba ya nguo, kwenye mvua, akavua viatu, akaingia akichuruzika maji. Mama alimtupia kitenge chake chenye picha za samaki. Siku hiyo Sajenti wa polisi alinifundisha akiwa amevaa shati la khaki juu na samaki chini, na wadogo zangu walicheka hadi wakatumwa kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Mama na Afande hawakuwa marafiki kamwe kwa maana ya watu wanaokaa na kucheka. Lakini kila Jumanne mama alipika sombe, majani ya muhogo ya kwetu, akatenga bakuli moja pembeni na kulifunika, na ole wetu tukiligusa.

*

Wengi walidhani anajua kompyuta. Hakujua sana. Aliandika kwa kidole kimoja, tena kidole kidogo cha mwisho, na kila herufi aliibonyeza kama anayeua siafu. Alichojua ni woga wa watu, na alijua namna ya kuutoa.

"Hii mashine iko kuruta," alituambia. "Hapana jua kitu. Wewe ndio afande yake. Ukisema simama, nasimama. Ukisema andika, naandika. Ikikataa, si kwamba wewe mjinga. Kuruta hajaelewa amri. Rudia polepole."

Mimi nilikuwa mtoto ambaye huko nyuma kila amri ilimhusu yeye. Kukaa mbele ya kitu kinachongoja neno langu lilikuwa jambo jipya kabisa. Nilikinyamazisha na kukiamsha mara nyingi kuliko masomo yalivyohitaji, kwa raha tu ya kutiiwa.

Swali la kwa nini nyumbani, kwa nini si shuleni, aliulizwa na kila mtu, na jibu lake lilikuwa lile lile. Aliwahi kualikwa kwenye shule moja kuzungumza habari za usalama barabarani, akaonyeshwa chumba cha kompyuta. Zilikuwa nzuri, zimepangwa, kila moja imevalishwa kitambaa cheupe kilichofumwa maua, kama makochi ya bibi harusi. Aliuliza wanafunzi huzitumia lini. Akaambiwa ufunguo uko kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu yuko safarini.

"Kompyuta ya nyumbani hapana vaa nguo," alisema. "Mama anaona, mdogo wako anaona, jirani anaona. Hata kuku anapanda juu. Hiyo ndiyo nataka."

Kuzipata ilikuwa kazi nyingine. Aliposikia ofisi inabadilisha mashine zake alikwenda huko na sare, bila miadi. Nilifuatana naye mara moja. Msichana wa mapokezi alipomwona aliangusha kalamu. Mlango wa ndani ukafungwa haraka na tukasikia watu wakihamisha makaratasi. Bwana mwenye tai alitokea akiwa ameshaanza kujieleza.

"Leo sikuja kukamata," Afande alimwambia. "Nimekuja kuomba. Ile ya kukamata ni siku nyingine, kama iko sababu."

Tuliondoka na monita zenye migongo mikubwa, tatu kwenye toroli, na bwana mwenyewe akisukuma hadi getini. Nje Afande alicheka peke yake mpaka akashika ukuta. Alipenda ule woga aliouona pale, na papo hapo hakuupenda. "Ona vile wananiogopa," alisema baada ya kufuta macho, na sauti ilikuwa imebadilika. "Na mimi nilikuwa naomba tu."

Yeye mwenyewe aliogopa mbwa. Mwanamke aliyeweza kutenganisha walevi wawili wenye chupa mikononi kwa kusema tu "Hebu," alisimama mwisho wa uchochoro na kupiga kelele: "Fungeni huyo mnyama!" kwa ajili ya kijimbwa kisichozidi paka. Alitusisitizia kulala mapema, naye alisinzia kwenye kiti chetu katikati ya somo, mikono imekunjwa tumboni, hadi mama akamwambia kwa ukali aende kwake akalale. Hakuvumilia uchelewaji wa mwanafunzi, ila yeye alichelewa kila wiki, akieleza kwa kirefu ni nani aliyegongana na nani kwenye mzunguko wa barabara. Alikula vya kila nyumba, katogo ya ndizi hapa, chapati pale, lakini maji alibeba yake. Nilimuuliza sababu. Alisema maji ya nyumba zetu mtu ameyabeba kichwani kutoka mbali, na chakula ni zawadi lakini maji ni mgongo wa mtu.

Kila likizo alituchukua kituoni, wanafunzi wake wote, akatuketisha kwenye benchi mbele ya kaunta kutwa nzima. Hakutueleza tutazame nini. Tuliona wanaokuja kulia, wanaokuja kudanganya, na wanaokuja kuomba msamaha kabla hawajashtakiwa. Jioni aliuliza kila mmoja ameona nini. Aliyesema ameona wahalifu aliambiwa arudi kesho.

Jambo lililowaudhi wenzake ni kwamba alitufundisha kuwauliza maswali. "Akikushika mtu wa sare, usikimbie, usitukane. Muulize: kwa kosa gani? Muulize polepole. Halafu ngoja jibu." Tulilifanyia mazoezi neno hilo kama wimbo. Yeye alikuwa mkamataji, sisi wakamatwa, na aliyetetemeka alirudia.

Lilinifaa mapema kuliko nilivyotaka. Mama alikuwa akiuza vitenge kwenye ukingo wa barabara, na siku moja askari wa jiji wenye virungu wakawabeba wachuuzi wote kwenye gari. Nilikwenda nikiwa na sare ya shule hadi walipowekwa, nikasimama mbele ya mtu mrefu aliyekuwa anakula ndizi, nikasema kwa Kiingereza changu kipya: mama yangu ameshikwa kwa kosa gani? Aliendelea kutafuna. Nikangoja. Nikauliza tena, polepole. Sijui kama alichoka au aliona aibu. Kabla jua halijatua mama alitoka na furushi lake, limechafuka lakini kamili.

Tulipofika mlangoni aliuliza, "Ni yule mukubwa alikufunza vile?"

"Ni yeye."

"Hmm," alisema mama. Jumanne iliyofuata bakuli la sombe lilikuwa na samaki.

*

Sasa lazima nieleze habari ya Zaituni, kwa sababu bila yeye picha hii ingekuwa ya mtakatifu, na Afande hakuwa mtakatifu.

Zaituni alikuwa mwanafunzi mwenzangu, na yeye pia alikuwa na kompyuta ya Afande. Alikaa juu kidogo, upande wa msikiti, na bibi yake, Mnubi mzee ambaye wote tulimwita Haboba, yaani nyanya kwa lugha yao. Babu zao waliletwa Uganda na Waingereza kama askari, na nyumba ile ilipenda sare kama vile yetu ilivyoichukia. Haboba alimpokea Afande siku ya kwanza kwa chai ya tangawizi. Walizungumza Kiswahili kile kile cha kambini, chenye amri nyingi na mapambo machache, na walielewana kama watu waliopitia kwata moja. Zaituni alituzidi wote. Mashine iliyoharibika aliifungua, akapuliza vumbi, akaigusa mahali, ikawaka.

Alasiri moja nilikuwa pale tukijisomea, mtihani wa taifa ukiwa karibu sana. Kaka yake Zaituni alikuwa kwenye kona na beseni lililofunikwa kwa taulo. Kiganja kikapiga mlango pa, pa, pa. Haikuwa Jumanne. Kaka akatoka kwa mlango wa nyuma bila kuvaa viatu.

Afande aliingia akitabasamu, kisha tabasamu likaisha taratibu. Kutoka kwenye kompyuta ulikuwa umetoka waya, na mwisho wa waya ilikuwa simu. Alifunua taulo. Beseni lilikuwa na simu nyingine, za kila aina. Kaka alikuwa akizileta, na Zaituni, kwa kompyuta aliyopewa ya kusomea, alikuwa akizifungua kufuli na kuzifuta ili ziuzwe.

"Za wateja," Zaituni alisema.

Afande aliokota moja yenye kibandiko cha ua jekundu. "Mwenye hii nilimwandikia taarifa jana. Muuguzi. Alilia pale kaunta hadi nikampa kiti."

Haboba aliinuka kwenye mkeka. Alikuwa mwembamba, na bado alionekana mrefu kuliko sisi sote. "Mwanangu," alimwambia, "sisi sasa ni watu wa nyumba moja. Umekula hapa. Funga macho. Mimi nitamchapa huyu mtoto mwenyewe."

"Haboba, nikifunga macho hapa kwako, nitafungua kwa nani?"

"Kwa wale wasiokupenda."

Afande alichomoa waya, akaibeba kompyuta mwenyewe kama kielelezo, akamwambia Zaituni avae viatu. Hakumshika mkono. Walitembea sambamba barabara nzima ya Kamwokya, mchana kweupe, muziki ukitoka kila duka, watu wakisimama kutazama, nami nikiwafuata na beseni. Nyuma yetu Haboba alikuwa mlangoni, anasema kwa Kinubi maneno ambayo sikuyaelewa na sikuhitaji kuelezwa.

Mkuu wa kituo, ambaye tangu mwanzo hakuupenda mpango ule, alitazama kompyuta juu ya kaunta. "Si nilikuambia? Unawapa wezi vyombo vya kazi."

"Andika, afande," Afande wetu alimwambia. "Na jina langu andika, kwamba ni mimi nilimpa."

Mpango ulisimamishwa siku hiyo. Zaituni aliwekwa ndani kwa sababu kaka yake hakupatikana, na ilisemekana akiachiwa atamwonya kaka yake afiche simu nyingine. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Mkuu alisema mtihani utangoja. Afande alisema mtihani haumngoji mtu, na alisimama mlangoni pa ofisi yake, sijui kwa muda gani, mpaka akaruhusiwa kumpeleka na kumrudisha, kwa dhamana ya kazi yake mwenyewe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi ya mtihani alimtoa Zaituni ndani, akampa sare aliyoifua na kuipiga pasi mwenyewe, akampa chai, akampeleka shuleni kwa miguu. Zaituni alikunywa chai bila kusema ahsante. Mimi nilikuwa safu ya pili karibu na dirisha. Afande alikaa nje kwenye ukumbi, kwenye kiti cha mtoto wa shule, ametugeuzia mgongo. Mwanzoni nilidhani ni hasira. Baadaye nikaelewa kwamba hakutaka Zaituni ainue kichwa kwenye swali na kuona kuna polisi anamlinda.

Kamwokya iligawanyika. Wapo waliosema ni mchawi, amekula vya watu kisha akawala na wao. Wapo waliosema amefanya kazi yake. Mimi nilikasirika. Nilimwambia angeweza kumwonya tu, nani angejua?

"Yule muuguzi angejua," alisema. "Yeye pia iko mtoto wa mtu. Kama nikiiba kwake nimpe Zaituni, mimi iko mwizi gani?" Kisha akasema, akitazama mikono yake, "Lakini sijalala tangu siku ile. Usifikiri nalala."

Mambo yaliisha vizuri kuliko tulivyoogopa. Zaituni hakufungwa. Alionywa, na akatakiwa kurudisha kila simu kwa mwenyewe kwa mkono wake na kuomba radhi, Afande akisimama nyuma yake barabarani. Mtihani alifaulu. Kaka hakuonekana tena Kamwokya. Haboba hakumkaribisha Afande chai tena hadi alipofariki, na Afande alikwenda kwenye maziko, akasimama mbali na wanawake wengine, akarudi peke yake.

Zaituni alikuja kufungua kibanda cha kutengeneza simu, halali, chenye jina lake kwa rangi ya kijani. Kwa miaka alipita mbele ya Afande kama anayepita mbele ya nguzo. Kisha simu ya Afande ikafa, akaipeleka pale bila kusema anamjua. Zaituni aliifungua, akaipuliza, akaitengeneza, akataja bei. Afande alinitafuta siku hiyo hiyo kunisimulia, uso unang'aa kama mtu aliyepandishwa cheo.

"Amenitoza yote! Hata hapana punguza!"

*

Baada ya mpango kusimamishwa aliendelea kuja Jumanne, siku yake ya mapumziko, kwa hiari yake, na bado na sare. Kisha wakamhamishia mbali, upande wa mashariki. Kompyuta zetu zilizeeka. Yetu iliwaka mara ya mwisho mwaka nilioingia chuo, na mama aliendelea kuifunika kwa kitenge na kukataa kuitoa. Kati yetu tuliofundishwa, mmoja ni mwalimu, wengine wanafanya biashara, wengine sijui waliko. Mimi nilisomea maabara, nikapata kazi hospitali ya Mulago, kazi ya kutazama damu za watu kwenye darubini na kusema ninachokiona.

Nilisikia kwamba amestaafu na kurudi Kampala, amepanga Mengo, nyuma ya ukuta wa jumba la kifalme. Nilikuwa nikisema nitakwenda, nitakwenda. Kilichonipeleka ni shida.

Baada ya kungoja miaka mingi, familia yetu ilikubaliwa kuhamia Kanada. Mama, wadogo zangu, na mimi, kwa kuwa tuliandikishwa pamoja kama wakimbizi. Wadogo zangu walikuwa wameshaanza kubishana nani atamiliki koti gani. Nafasi yangu, nisiposafiri nao, ingekufa. Mimi nilikuwa na kazi yangu, na chumba changu, na watu waliolijua jina langu. Kule ningeanza tena kufagia, kusoma upya, kutafsiri maswali. Lakini kule angekuwepo mama. Nilimuuliza mama afanyaje mtu kama mimi. Alisema, "Weye ni mukubwa," akageukia sufuria.

Basi nilipanda Mengo baada ya kazi, katikati ya wiki. Nilimkuta uani, amevaa gauni la maua na kandambili, anamwagilia sukuma wiki zilizopandwa kwenye magunia. Alikuwa amekonda. Aliniita kwa jina langu kabla sijasalimu.

Tuliketi kwenye kizingiti. Nilimweleza kila kitu, na nilipomaliza nilingoja. Nilikuwa nimekuja kupewa amri. Tangu utoto nilikuwa nimemsikia akisema bonyeza, futa, rudia, simama wima, ngoja jibu, na sehemu kubwa ya maisha yangu ilikuwa imejengwa juu ya hizo amri. Moja zaidi ingetosha.

Aliokota jani lililonyauka, akalitupa. "Sijui," alisema.

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Nilimwambia, Afande, nisaidie. Ukiniambia niende nitakwenda. Ukiniambia nibaki nitabaki.

"Ndiyo maana sisemi." Alikuwa anatazama magunia yake. "Kutoka kule kwenu hakuna mtu alikuuliza. Kuingia hapa hakuna mtu alikuuliza. Mimi mwenyewe nilikuja na mashine, nikakaa mlangoni, hata mimi sikukuuliza. Sasa umeulizwa. Mimi nijibu kwa nini?"

Nililia kidogo. Aliniacha nilie, hakunigusa, aliendelea kung'oa majani mabovu moja moja. Jua lilipoanza kushuka nyuma ya minara alinisindikiza hadi barabarani, akitembea polepole kwa ajili ya goti lake.

"Ukienda," alisema, "hapana niletea viatu wala saa. Na usije kuaga, sipendi. Ukibaki, kuja Jumapili tule."

Nilishuka mlima kwa miguu, ingawa ni mbali. Jumamosi nilimwambia mama. Hakubisha. Aliniketisha chini mbele ya magoti yake, akanisuka nywele, mistari myembamba kama ya utotoni, kazi iliyochukua jioni yote. Tulizungumza habari za baridi ya kule, na kama sombe inapatikana.

Jumapili nilipanda Mengo. Afande alikuwa uani juu ya mkeka, mbele yake mkungu wa matoke, anamenya. Alinitazama mara moja. Aliingia ndani, akarudi na kisu cha pili, akanipa, akasogea kunipisha.